Mtoza Ushuru Aliyetugeuzia Mgongo

Choo cha wasichana cha shule yetu ya sekondari kilikuwa na kuta nzuri na bati zuri, lakini hakikuwa na mlango. Mlango uliokuwepo ulioza kwa mvua, na mvua ya Kyela sina haja ya kuieleza. Fundi alikuja, akautazama, akasema huu umeshakufa, akaondoka nao. Nadhani aliuchoma kuni. Tangu hapo wasichana walikwenda chooni wawili wawili. Mmoja anaingia, mwenzake anasimama nje ameinua khanga kwa mikono miwili kama anayeanika. Upepo ukivuma kutoka ziwani, khanga inapanda.

Mjukuu wangu alikuwa kidato cha pili. Kila mwezi kulikuwa na siku ambazo haendi shule. Nilimuuliza mara moja, akanitazama, nikaelewa, sikuuliza tena. Siku hizo alikaa jikoni kwangu akisoma kwenye daftari la mwenzake, na hesabu haziingii kichwani kupitia daftari la mwenzako. Mtihani wa kidato cha pili ulikuwa unakuja. Anayefeli anarudia darasa, na baba yake, yaani mwanangu, alishatamka kwamba kwake hakuna wa kurudia darasa. Wa kurudia atarudia shambani kwenye kokoa. Mwanangu si msemaji, kwa hiyo likimtoka neno huwa ndiyo hivyo.

Basi msomaji akiona naandika habari za kodi, ajue kwamba mimi nilikuwa nafikiria mlango.

Kodi aliileta mwalimu wa biashara. Alikuwa mpangaji wangu, binti mdogo, mtu wa upande wa ziwa lile lingine, lile kubwa, ambalo watu wake wanaliita Ziwa basi, kana kwamba sisi huku tuna dimbwi. Jioni moja alikuja kukaa nami jikoni, amechoka.

"Bibi, wanafunzi wangu hawaelewi kodi."

"Hawalipi, wataielewaje?"

"Wanaikariri. Nikiwauliza maana yake wananiimbia kitabu chote."

"Wanaimba kwa lugha gani?"

"Kiingereza."

Nikamwambia kwa Kiingereza kodi haiumi. Akasema niende darasani nikawaambie hayo mwenyewe. Nilikataa, kisha nikaenda, kwa sababu njia ya kwenda darasani inapita kwenye kile choo na nilitaka kukiona kwa macho yangu.

Mimi nimezaliwa Ikombe, ukingoni mwa ziwa, ambako wanawake tunafinyanga vyungu na ambako ukitaka kufika unapanda mtumbwi. Nikaolewa huku upande wa Ipinda, kwa Wanyakyusa, kwenye mpunga na migomba. Shule niliishia darasa la nne. Vyungu ndivyo kazi yangu, na kila Jumamosi naviuza kwenye gulio dogo lililo nyuma ya shule. Gulio kubwa la Ipinda lina ushuru wa halmashauri na kimashine kinachotoa karatasi. Letu ni dogo, kimashine hakijatufikia, na hakuna aliyekiulizia.

Darasani mwalimu alinisimamisha mbele yao. "Bibi, waambie kwa maneno yako. Kodi ni nini?"

"Ni kitu unachompa mtu ambaye hakukuuliza kama unacho."

Akaandika ubaoni. Akasimama akiyatazama maneno yale. Akayafuta.

Msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Bibi, na ukimkatalia?"

"Anakaa hapo hapo."

"Sasa anakipeleka wapi anachochukua?"

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko jibu langu. Nikatazama dirishani. Nje mtoto mmoja alikuwa ameinua khanga mbele ya choo, na mikono ilishamchoka. "Kwa mfano pale," nikasema. "Angetakiwa apeleke pale."

Darasa zima likageuka dirishani. Yule mwenye khanga akaona anatazamwa na watu wote, akaishusha ili ajifunike uso. Aliyekuwa ndani alipiga yowe. Hivyo ndivyo lilivyoanza somo la kodi katika shule yetu.

Mwalimu alikuwa na akili ya haraka. Wiki ile ile aliomba kwa mkuu wa shule, mkuu wa shule akaomba kwa serikali ya kijiji, na mkutano wa kijiji ukakubali: kwa muda mfupi tu, kila anayeuza kwenye gulio letu atatoa ushuru kidogo kila Jumamosi hadi mlango upatikane. Wanafunzi ndio watakaotunga sheria yake, wajifunze. Na mtu mzima mmoja mwaminifu atautoza, kwa sababu fedha haziachiwi watoto.

Kutunga sheria kuliwachukua siku nyingi na sauti nyingi. Wengine walitaka wote walipe sawa. Mjukuu wangu akasema mwenye fungu moja la mboga hawezi kulipa sawa na mwenye magunia ya mchele. Wakauliza basi utajuaje mtu ana kiasi gani, maana hakuna atakayesema. Wakaamua kupima eneo: mwenye nafasi kubwa chini atoe kingi, mwenye nafasi ndogo atoe kidogo. Walikuja gulioni na kamba wakapima.

Aliyechukua nafasi kubwa kuliko wote nilikuwa mimi. Vyungu ni vikubwa na ndani yake ni hewa.

"Mnanitoza hewa," nikamwambia mjukuu wangu.

"Bibi, sheria haitazami ndani."

"Yule ana fungu la vanila linaloenea kiganjani, thamani yake inanunua vyungu vyangu vyote na mimi mwenyewe juu."

"Nimeiona hiyo. Tutairekebisha."

"Lini?"

"Muhula ujao."

Jumamosi iliyofuata watu wote walikuwa wamepanga bidhaa kwenda juu. Ndizi zilisimama kama kichuguu. Nami nikapanga vyungu juu ya vyungu ili nipunguze kamba, cha chini kikapasuka. Mwalimu akasema, "Mmeona? Watu hubadilisha maisha yao kwa ajili ya kodi." Nikamwambia mimi nimebadilisha chungu.

Sasa mtoza ushuru. Mkutano ulikaa kumchagua, na hapo ndipo tulipokosea wote kwa pamoja. Tulitafuta mtu mwenye heshima. Tukamchagua shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu: mzee safi, hanywi, hadaiwi, ana watoto wengi wa kiume na wote wameoa. Jina lake lilipotajwa, wanawake walioketi nyuma walinyoosha mikono juu kwa furaha. Mkamwana wangu, mama wa huyu mjukuu, alinyoosha wa kwanza. Nami nikanyoosha. Kwangu mimi yule ni shemeji, namtazama usoni kila siku hata nisipotaka, na sikufikiria wengine.

Mwalimu hakujua. Nimweleze na msomaji kama nilivyokuja kumweleza yeye. Kwa Wanyakyusa mwanamke na baba mkwe wake hawakutani. Wanaita kutila. Hampi mkono, haketi naye, hamtaji jina, akimwona njiani anaingia mgombani mpaka apite. Na baba mkwe si yule mmoja aliyemzaa mume wako, ni ndugu zake pia. Mjini wapo walioacha, wanakula meza moja na wanacheka. Huku kwetu wengi bado, na wanaosali sana nao bado. Shemeji yangu alikuwa na watoto wake, na watoto wa kaka zake, na wote wana wake, na wake wote wanauza gulioni. Ukirusha jiwe pale bila kutazama, utampiga mkamwana wake.

Jumamosi ya kwanza ya kutoza alikuja amevaa koti na kofia, ameshika mfuko wa kitambaa. Akaingia kwa upande wa mchele. Upande wa mchele ukanyanyuka ukakimbia. Wanawake walijifunika khanga kichwani wakaingia migombani nyuma ya uwanja, wakaacha mchele peke yake. Akangoja kidogo mbele ya mchele. Mchele haukumlipa. Akaenda upande wa ndizi, nao ukanyanyuka. Upande wa mchele ukarudi ukakaa.

Aliwafikia wachache wasiokuwa wakwe zake. Lakini watu wanaona. Alipogeuka kwenda mara ya pili, mama mmoja anayeuza usipa, wale dagaa wa ziwani, mwanamke anayevuka mto Songwe kila wiki kutoka Malawi, alijitupia khanga kichwani akakimbia na wenzake. Nilimfuata mgombani.

"Na wewe umeanza lini?"

"Mimi nimeolewa na mtoto wa binamu yake."

"Mume wako ni Mmalawi."

"Bibi, hata Malawi kuna binamu."

Kabla jua halijawa kali, nusu ya gulio ilikuwa imeolewa upya. Shemeji yangu alikuja kuketi kwenye gogo karibu na vyungu vyangu, akavua kofia.

"Mke wa kaka, leo nimeheshimiwa sana."

"Nimeona. Umepata nini?"

Akatikisa mfuko. Ulilia kidogo, kama mtu anayetafuna karanga peke yake.

Mwalimu alikuwa amesimama na wanafunzi wake pembeni, hajui acheke au alie. Alipouliza kwa nini hawakumwambia mapema, wanafunzi walisema hakuuliza. Wote walijua. Kila mmoja alikuwa na mama migombani.

Jumatatu aliligeuza kuwa somo. Nilikuwepo, maana nilishazoea kuja kukitazama kile choo. Aliwaeleza kwamba kuna mtu aliyesamehewa kodi kwa haki, na kuna anayekwepa, na wote wawili wakikimbia wanafanana mgongoni. Wanafunzi hawakukariri siku hiyo. Walitajana. "Mama yako wa kweli, mama yake huyu wa uongo." Wakagombana mpaka kengele.

Nyumbani nilimketisha mkamwana wangu.

"Mlango ule ni wa mwanao."

"Mama, mimi sikatai kulipa. Nitamlipa nani? Unataka nimvunjie heshima baba?"

"Heshima hii ungeiweka na kwenye kuni zangu unazochukua bila kusema."

"Hayo ya kuni ni mengine."

Alikuwa na furaha mwanamke yule. Nilimwona. Alikuwa amepata dhambi iliyoruhusiwa na mila, na zinapatikana kwa nadra. Lakini mwezi ule mjukuu wangu alikaa tena jikoni kwangu na daftari la mwenzake, na furaha ya mama yake ilipungua kidogo. Alimletea uji akamwekea karibu.

Wanafunzi wakaja na dawa nyingine. Walipe kwa simu. Hakuna kuonana, hakuna kukimbia. Mwalimu alifurahi sana, akaja na simu yake uani kwangu kumfundisha mkamwana wangu, ili naye akawafundishe wenzake. Wakaandika namba ya shemeji, wakaandika kiasi. Simu ikafikiri. Kisha ikaandika jina kamili la mzee, la kwake, la baba yake na la babu yake, ikauliza kama ndiye, na kama ndiye abonyeze moja.

Mkamwana wangu aliiangusha simu kwenye majivu.

"Mama, huhitaji kusoma," mwalimu akasema, akiipangusa. "Bonyeza moja tu."

"Nimeshaliona."

"Kuliona si kulitaja."

"Wewe ukibonyeza moja umesema nini? Si umesema ndiye?"

Mwalimu alinigeukia mimi. Nikamwambia hapo hata mimi sina la kusema, ana haki. Mkamwana wangu akaenda kunawa uso.

Ikawa mambo yamekwama. Mwalimu aliniambia labda wamwondoe mzee, waweke mwingine. Nikamwuliza mwingine nani. Kila mwanaume mtu mzima pale ni baba mkwe wa fulani. Mwanamke? Mwanamke akitoza, atawasamehe mashoga zake na atawatoza wenye ugomvi naye, mimi nikiwa wa kwanza kufanya hivyo. Kijana? Kijana hapewi mfuko wa fedha. Na kumwondoa mzee aliyechaguliwa na mkutano wa kijiji kwa kosa la kuheshimiwa ni jambo ambalo mimi nisingeweza kwenda kulisema mbele ya watu.

Shemeji yangu hula kwangu kila Jumapili baada ya ibada. Huketi barazani uso ameuelekeza migombani. Mkamwana wangu hutoka ndani na sinia la wali na samaki, huliweka nyuma yake chini, hugonga nguzo ya baraza, huondoka. Mzee huhesabu pumzi zake, hugeuka, hula. Akimaliza hugeukia migomba tena, hugonga nguzo, sinia huondoka. Imekuwa hivyo tangu kijana wangu aoe, na nimeiona mpaka siioni.

Jumapili hiyo mjukuu wangu alikuwa ameketi nami mlangoni tunachambua mchele. Aliinua uso akatazama sinia likiwekwa.

"Bibi, mama na babu hawajawahi kuonana."

"Hawajawahi."

"Na chakula kinafika."

"Kinafika, na anakimaliza."

Akachambua mchele kidogo. "Basi si lazima waonane."

Niliinuka nikaenda barazani, nikasimama mbele ya shemeji yangu, mdomo wake umejaa.

"Jumamosi utakaa hivyo hivyo," nikamwambia.

"Hivyo vipi?"

"Mgongo kwa watu. Nitaweka chungu nyuma yako. Wao watatumbukiza, wewe utasikia."

Akameza. "Nikae mbele ya watu nimegeuzwa kama mtoto aliyekosa?"

"Kaa kama unavyongoja sinia."

"Hapa nakula, pale nitakuwa kazini. Mtu wa serikali anatazama watu. Umewahi kuona afisa amekaa mgongo?"

"Nimewaona wengi. Wewe utakuwa wa kwanza mwenye sababu."

Akakataa. Akasema nimwombee kura mwingine, yeye anarudi kwenye ng'ombe zake. Mjukuu wangu alikuwa amenifuata. Kwa mjukuu hakuna kutila, kuna utani. Tangu azaliwe mzee humwita mke wangu.

"Babu, mlango ni wa mkeo."

"Mke gani? Hajui hata kusonga ugali."

"Ndiyo, hajui. Lakini mkeo anasimama chooni watu wanamwona."

Mzee alikuwa amenyanyua tonge. Alilirudisha kwenye sinia.

"Nani anamwona?"

"Upepo ukija, kila mtu."

Akageuka akatazama migomba, wakati chakula kilikuwa bado. Akasema, bila kutugeukia, kwamba kiti atakuja nacho mwenyewe, hakai kwenye gogo.

Chungu nilikitoa mimi. Kikubwa, mdomo mwembamba, mkono unaingia na hautoki na kitu. Sikulipwa. Nalisema mara moja tu.

Jumamosi ile mzee aliketi kwenye kiti chake mwisho wa uwanja, uso kwenye migomba, koti na kofia. Chungu nyuma yake. Wanafunzi walisimama mbali na kamba yao wakiwaambia watu wanalipa kiasi gani. Kwa muda hakuna aliyesogea. Gulio zima lilitazama mgongo wa mzee. Kisha mkamwana wangu akajifunga khanga vizuri, akatembea kama anapeleka sinia, akatumbukiza. Sarafu ililia ndani ya chungu.

"Ndaga," mzee akaiambia migomba, yaani asante.

Mkamwana wangu alirudi mahali pake, kichwa juu. Wakamfuata wengine. Mkimbiaji hakuwepo tena, maana hakukuwa na wa kumkimbia. Ndoa ya yule mama wa usipa na mtoto wa binamu ilivunjika siku hiyo hiyo, akaja akalipa kama mtu mwingine yeyote, amenuna.

Si kwamba watu waligeuka malaika. Mmoja alitumbukiza kizibo cha soda. Mzee akatega sikio.

"Hiyo rudi nayo."

Wanawake wakatazamana.

"Sijui ni nani, na sigeuki. Lakini hiyo ni soda."

Wanawake walicheka mpaka mmoja wao akaenda tena kwenye chungu, na safari hii kikalia inavyotakiwa. "Ndaga fijo," mzee akasema, yaani asante sana. Wenye noti ndio waliopata shida, maana noti haina mlio. Wakawa wanapiga makofi wakishatumbukiza, au wanakohoa. Mmoja alisema kwa sauti, "Nimeweka noti mimi, watu wa jirani mshuhudie." Mwalimu alitaka kuandika jambo kuhusu hilo. Nikamwambia aandike kwamba hakuna mtu anayependa kulipa kodi kimya kimya.

Tulikwenda hivyo kwa muda, mpaka chungu kikawa hakibebeki na mtu mmoja. Wanafunzi walikivunjia darasani, mbele ya mkuu wa shule na mwenyekiti wa kijiji. Nilitoka nje kwanza. Kuvunja chungu kizima ni kazi ya watu wasiofinyanga. Ndani kulikuwa na fedha, vizibo kadhaa, na kokwa moja ya kokoa ambayo mpaka leo hatujui ilikuwa inalipia nini.

Fedha zilitosha mbao, zilitosha bawaba, zilitosha fundi, mwingine, si yule wa kuni. Hazikutosha komeo. Mlango bila komeo unahitaji mtu wa kuushikilia nje, na hapo mmerudi kwenye khanga, ila sasa ni ya mbao.

Mwalimu akawauliza darasa: tufanyeje? Tuongeze Jumamosi nyingine? Mkutano ulishasema mwisho wa ushuru umefika, na watu walikuwa wanahesabu. Mjukuu wangu akanyoosha mkono, akautazama uso wa babu yake aliyekuwa ameketi mbele na koti lake.

"Kuna ambaye hajalipa."

"Nani?" mwenyekiti akauliza.

"Ndizi za babu. Bibi mdogo anaziuza kila Jumamosi upande ule. Tulizipima na kamba. Hazijawahi kulipa."

Mke wa shemeji yangu hakuwepo, bahati yake. Mwalimu aliinamisha macho akapanga chaki. Mkuu wa shule akatafuta kitu mfukoni.

"Mtoza ushuru anajitoza?" mzee akauliza. Hakuwa na hasira, alikuwa anauliza.

"Ndiyo tunajifunza, babu," mjukuu wangu akasema.

"Nilidhani ile ya kukaa mgongo ndiyo malipo yangu."

"Ile ni kazi."

Mzee akavaa kofia akatoka. Nilijua tumemwudhi, na nilijua nitamsikia Jumapili. Lakini siku ya kuweka mlango, fundi alikuwa hajamaliza kupigilia bawaba ya chini mzee aliporudi, amebeba komeo la chuma, kubwa, la zamani, lenye rangi ya kijani. Nililijua. Ni la mlango wa nyumba yake.

"Piga hili," akamwambia fundi.

"Mzee, na kwako?" mwalimu akauliza.

"Kwangu nitaweka jiwe. Mimi sina cha kuibiwa, na mke wangu anakoroma, mwizi ataogopa."

Mwalimu akamwambia, kwa adabu, kwamba komeo lile lina thamani kuliko ushuru wa ndizi. Mzee akasema anajua. Amelipa na ya mbele. Nadhani mpaka leo anahesabu kwamba analidai gulio heshima, na kwamba ndizi zake haziguswi.

Fundi akalipiga, kwa ndani. Lilikuwa kubwa mno kwa mlango ule, likifungwa linalia kama geti la gereza.

Ushuru ukaisha, chungu kikaisha, lakini mzee alibaki na desturi ya kuja gulioni Jumamosi na kiti chake, kukaa mwisho wa uwanja kutazama migomba. Anasema amezoea. Njia anayopitia inakata kando ya choo cha shule.

Jumamosi moja kabla ya mtihani, wasichana wa kidato cha pili walikuwa na masomo ya ziada. Nilikuwa napita pale na vyungu, mkamwana wangu nyuma yangu na kikapu. Mbele tukamwona mzee anakuja, kiti begani. Upande mmoja ukuta wa shule, upande mwingine ua wa miba. Migomba ilikuwa mbali. Mkamwana wangu akatupa kikapu, akakimbilia choo, akasukuma mlango. Haukufunguka.

Akagonga. "Fungua! Nani humo?"

"Mimi, mama." Ilikuwa sauti ya binti yake. Zilikuwa siku zake, nilijua, na alikuwa shuleni.

"Fungua upesi, baba anakuja!"

"Subiri, mama."

"Nisubiri nini? Mlango huu nimeulipia!"

"Ndiyo, mama. Nami ndiye niliye ndani."

Mkamwana wangu akageuka akaweka uso ukutani, khanga kichwani. Mzee naye alikwisha kumwona. Alisimama pale pale, akashusha kiti, akakigeuza, akaketi akatazama ua wa miba kwa kuwa migomba haikuwepo. Mimi nilibaki katikati yao na vyungu kichwani, njia imeziba mbele na nyuma.

"Mke wa kaka," akaniuliza kwa kuutazama ua, "tunangoja nini?"

"Mkeo yuko chooni."

"Amefunga?"

"Amefunga."

Akavua kofia akaiweka gotini, akanyoosha miguu kama mtu ambaye hana safari. Hakuna aliyegonga tena. Shingo iliniuma kwa vile vyungu, na yule mtoto alikaa humo kwa muda aliotaka yeye.